Rahabu na Hadithi za Buda

Rahabu binti Laurenti alikuwa mke wa Simeoni, kibarua wa genge la reli. Kwao wote wawili ni Mungaa. Reli ndiyo iliyowaleta Kintinku. Watu walimsema kwa mengi, lakini kwa uvivu hapana. Alikuwa akimpikia na kumfulia Bwana Gunasena, mkuu wa stesheni, mtu wa Seloni aliyeletwa na serikali ya Mwingereza. Sokoni walimwita Mhindi asiyekula nyama, naye alishachoka kuwasahihisha.

Bwana huyu alikuwa na kazi nyingine, ya kisomo. Dini ya kwao ni ya Buda, na vitabu vyao vya kale vimejaa hadithi za maisha ambayo watu waliyaishi kabla ya haya: huyu alikuwa tembo, yule mfalme, na kila mmoja matendo yake yakamfuata mpaka alipozaliwa tena. Kila hadithi ina mkia: yule wa zamani ndiye huyu wa leo. Bwana Gunasena alishuku kwamba mikia hiyo ilibandikwa baadaye na wahubiri, juu ya ngano za kawaida za wakulima na wachungaji. Akawa analinganisha nakala na kuandika. Tena akabuni njia yake mwenyewe: anamsimulia hadithi mtu ambaye hajapata kuisikia, kwa Kiswahili chake cha stesheni, halafu baada ya wiki anamwambia airudie. Kinachosahaulika, alisema, ndicho kilichobandikwa.

Wapagazi waliirudia vizuri, mkia wakauacha. Rahabu naye vivyo hivyo, huku akimenya vitunguu. Mpaka siku ya hadithi ya mchungaji.

Mchungaji huyo alimkuta ng'ombe wa jirani shambani kwake, akamvunja miguu kwa rungu. Mchungaji akafa, akazaliwa tena. "Na mchungaji yule," Bwana akamalizia, "ndiye huyu kiwete anayeomba mlangoni."

Kisu kikasimama mkononi mwa Rahabu.

Mwanawe wa pekee alishaachishwa ziwa siku nyingi. Wenzake walikuwa wanakimbiza kuku, yeye alijikokota kwa makalio, miguu myembamba kama mabua. Na jina lake hakulichagua mtu. Alipozaliwa alilia, ziwa akalikataa, ndipo mama mkwe, aliyeishi nao, akaanza kuwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, kama tunavyofanya kwetu. Alipofika kwa Mughwai, aliyekuwa mumewe mwenyewe, mtoto akanyamaza, akanyonya. Basi, babu amerudi. Toka siku hiyo bibi akawa anamwita "mume wangu".

Sasa huyo mzee Mughwai, enzi za uhai wake, alimkata ng'ombe wa jirani mishipa ya miguu kwa kosa la kuingia kwenye mtama. Haikuwa siri. Ilikuwa hadithi ya kuchekesha, watu wakiisimulia pombeni.

Jioni ile Rahabu alimkuta mama mkwe anapepeta.

"Mama, hili jina la mtoto tuliache. Padre alimbatiza Yohana. Tumwite Yohana, yatosha."

"Unataka kumfukuza mume wangu nyumbani kwake?"

"Nataka mwanangu atembee."

"Akiondoka Mughwai, huyo anabaki nini? Ganda. Utazika ganda." Akapuliza makapi. "Tangu uanze kumpikia yule mla majani umekuwa mjuaji."

Simeoni alikuwepo. Alikohoa tu. Wanaume wa namna hiyo, kikohozi ndicho baraza lao.

Wiki ilipokwisha, Rahabu aliirudia hadithi yote pamoja na mkia. Bwana akaweka kalamu chini.

"Wewe peke yako umeukumbuka. Kwa nini?"

Akamweleza: babu, ng'ombe, jina, miguu ya mtoto. Bwana akakimbilia kisomo chake. Katika nakala ya zamani kabisa aliyoiona, alisema, kiwete hayumo. Mchungaji anavunja miguu ya ng'ombe, jirani anamlaani, imekwisha.

"Kwa hiyo ni uongo," Rahabu akasema.

"Sikusema hivyo. Nimesema mkia umeongezwa."

"Na wewe Bwana, moyoni mwako, unaamini matendo humfuata mtu akizaliwa tena?"

Angeweza kumdanganya, na pengine ingekuwa sadaka. Hakuwa mtu wa hivyo.

"Naamini. Lakini hakuna ajuaye lipi limezaa lipi. Dini yetu inatukanya hata kukisia, Rahabu. Anayekisia huingiwa na wazimu."

"Ulilijua hilo, ukanisimulia?"

"Nilitaka kujua utakumbuka nini."

"Haya, umejua," akasema, akaenda kuepua sufuria.

Jina halikubadilika. Kilichobadilika ni kingine. Siku moja mtoto alianguka karibu na mafiga, akalia, na Rahabu alikuwa hapo hapo. Akasimama akimtazama. Likampita wazo: acha kidogo, alipe. Mama mkwe ndiye aliyemwokota.

"Umeota mizizi wewe?"

Rahabu akaketi chini. Kazi kwa Bwana aliendelea nayo, maana watu wanakula. Hadithi alikataa, wala Bwana hakumwomba tena. Lakini wazo lile hakuweza kulifukuza. Aliliungama kwa padre, akapewa sala, akazisali zote. Likabaki.

Alimbeba mwanawe mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inamgonga magotini. Kanisani alimpeleka mgongoni, shule mgongoni, masika na kiangazi. Wanawake wa Kintinku wakamfanya mfano: ukichoka na mtoto, mtazame Rahabu. Akisifiwa hivyo hakuitika. Alijua kwamba kila alipoinama kumnyanyua, kabla mikono haijamgusa, alisita kidogo tu. Na mtoto naye alikuwa ameshajifunza: akinyoosha mikono yake, hungoja.