Neno Moja kwa Mkubwa

Nilianza kujifunza kupanda miamba nikiwa nimekaa kitandani, kwa kutazama video kwenye simu. Nilifunga fundo lenye umbo la nane kwenye mguu wa kitanda, nikalifungua, nikalifunga tena, mpaka mama yangu akauliza kamba ya kuanikia nguo imekwenda wapi. Ndivyo nilivyo. Mengi ninayoyajua nimejifundisha mwenyewe, na kwa sababu hiyo naogopa sana kuonekana sijui.

Kwa hiyo asubuhi ile, mimi na wengine waliojiandikisha kupanda tulipofika kwenye miamba nje kidogo ya mji wa Singida, nilikuwa na nia moja: nifike juu bila kukosea chochote.

Mwongozaji, kijana mpole, alitupanga wawili wawili. Mmoja apande, mwenzake abaki chini akishika kamba. Kamba ilitoka kwenye mkanda uliofungwa kiunoni na mapajani mwa mpandaji, ikapita kwenye pete ya chuma juu ya mwamba, ikarudi chini kwa mshikaji. Ukiteleza, yeye ndiye anayekuzuia. Mwongozaji alitufundisha maneno matatu ya kumpigia mshikaji kelele: kaza, legeza, shusha. Yawe mafupi, alisema, maana upepo wa huku hausubiri mtu amalize kuongea.

Mimi nilipangwa na mama mmoja anayeuza mafuta ya alizeti sokoni, wa rika la mama yangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipima kwa macho.

"Mwembamba hivi? Mimi nikikaa tu chini, wewe huendi popote."

Alinisimulia kwamba utotoni alichunga mbuzi kwenye mawe kama haya, peku, na hakuna aliyewahi kumfunga kamba.

Fundo langu lilikuwa safi. Mwongozaji alilikagua mara moja tu, nami nikafurahi kuliko ilivyostahili. Nikapanda vizuri hadi katikati. Hapo mwamba ukawa laini, pa kushika pakapungua, na mguu wa kulia ukakosa pa kukanyaga vizuri. Kamba ilikuwa imelegea, imening'inia mbele ya magoti yangu. Nilitakiwa kusema kaza, basi.

Sikuweza. Kwetu mkubwa haamrishwi. Hata chumvi mezani naiomba kwa maneno ya kuzunguka.

"Samahani mama," nikaanza, "najua umechoka, naomba kama hutajali..."

"Unasemaje?" akauliza kutoka chini.

Nikaanza upya, tangu kwenye samahani. Mwongozaji akaniambia niseme neno moja tu. Nikamwitikia, kisha nikaanza tena na samahani. Mguu ukateleza.

Sikuanguka mbali, ila goti lilichunika na mshtuko wa kamba iliyolegea ulimburuta yule mama hatua kadhaa hadi akagonga bega kwenye jiwe. Nilibaki nikining'inia. Nilichokiona mbele yangu hakikuwa kifo. Niliona kwamba siku imeshaharibika, kwamba nimekosea mbele ya watu, na nikataka kurudi nyumbani. Naandika hivi kwa aibu, kwa sababu aliyeumia bega alikuwa mwingine.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake haikuwa na utani tena, "nimeshika roho yako hapa. Heshima gani hiyo ya kunificha kwamba unaanguka? Niamrishe."

Nilishika mwamba tena. Nikasema kaza, kwa sauti ya mtu anayenong'ona msikitini. Hakuvuta kamba. Najua alinisikia. Nikavuta pumzi.

"Kaza!"

Kamba ikakazika mpaka mkanda ukaniminya mapaja. Nikapanda kidogo, nikasema tena, akakaza tena. Sikufika juu. Mikono iliishiwa nguvu nikiwa naiona ile pete, karibu kabisa, na kwa muda nilibaki pale nikijaribu kupata ujasiri wa kukubali kwamba nimeshindwa. Mwishowe nikaegemea nyuma, nikamwambia shusha.

Chini nilianza kumpa pole ya bega. Hakunisikiliza. Alikuwa anavua viatu, na mwongozaji ananifunga kwenye jiwe kubwa ili uzito wa yule mama usininyanyue.

"Sasa zamu yangu," akasema. "Nikikwambia kaza, usiniitikie abee mama. Unakaza."

Alikuwa hajanyanyua hata mguu mmoja alipoanza kuniamrisha. Nikafungua mdomo kuitikia, nikaufunga, nikavuta kamba.