Alichomwambia Mungu Mama Mkwe Wangu

Mwanangu wa kwanza alizaliwa wakati wa masika. Nilijifungulia mjini, hospitali ya Mawenzi, na siku ya tatu nikapandishwa Kibosho nyumbani kwa mama mkwe wangu, maana huku mlimani mzazi hafanyi kazi. Nililazwa chumba cha nyuma nikaambiwa nina mambo mawili tu ya kufanya, kula na kunyonyesha. Mume wangu alibaki mjini, tulikokuwa tunaishi, kwa sababu ya kazi, akipanda Jumamosi na kushuka Jumapili jioni. Siku nyingine zote tulikuwa watatu: mimi, mtoto, na mama mkwe.

Miezi ile naikumbuka kama kitu nilichokiona ndani ya maji. Ukungu ulishuka kutoka msituni ukaja mpaka dirishani. Migomba ya kihamba, shamba la nyumbani, ilisimama nje kama wageni waliokuja kusalimia wakasahau kubisha hodi. Nilisinzia, nikaamka, mtoto akanyonya, nikasinzia tena, na sikujua kama ni asubuhi au alasiri mpaka niliposikia kengele ya parokia, nayo ilisikika kana kwamba imefungwa ndani ya blanketi. Halafu ilikuja harufu ya mtori, ndizi na nyama zilizochemshwa na kupondwa mpaka zikawa uji mzito. Mama mkwe aliingia na bakuli, akaliweka kwenye stuli, akasema, "Kula ungali moto," akatoka. Hakukosa kuleta hata siku moja. Wala hakukaa hata siku moja.

Nyuma ya kitanda changu, ng'ambo ya ukuta wa mbao, kulikuwa na zizi. Kila alfajiri alikwenda kukamua, nami nilisikia maziwa yakigonga ndoo, na chini ya sauti ya maziwa, sauti yake ikinong'ona. Nilidhani anambembeleza ng'ombe. Kichagga cha Kibosho si kile cha kwetu Kilema na maneno mengine hunipita, lakini alfajiri moja, nikiwa nusu usingizini, nilimwelewa vizuri.

"Baba, ni mimi tena," alikuwa anasema. "Mguu unauma. Mvua imezidi, kahawa inaoza mitini, unaona mwenyewe. Na huyu mke wa mwanangu, leo tena sijampenda. Chakula nampelekea, ila nampelekea kwa mkono, si kwa moyo. Nisaidie. Mimi nimeshindwa."

Nilijiambia kwamba nimeota. Kesho yake nikakaa macho kusubiri, nikasikia tena: mguu, mvua, kahawa, halafu mimi.

Siku ile mtori ulipoa kwenye stuli.

"Hujala," akasema alipokuja kuchukua bakuli.

"Sina njaa, Mama."

Akachukua bakuli akaondoka.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyejulikana kwa sala. Tangu shuleni nilikuwa naongoza. Nilipoolewa Kibosho, watu wa jumuiya ya sala walisema yule dada wa Kilema akiomba unajisikia umefika mbinguni. Nilijua wapi pa kupandisha sauti na wapi pa kuishusha. Sasa, nimelala na mtoto kifuani, nilijaribu kumwombea mama mkwe. Nilimwomba Mungu ambariki, amlainishe moyo, amwonyeshe nuru. Yalikuwa maneno mazuri. Lakini kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyojua kwamba nilitaka Mungu amwaibishe. Nilinyamaza nikasikiliza matone yakianguka kutoka kwenye majani ya mgomba.

Baada ya wiki mbili hivi jumuiya walikuja kumwona mtoto. Walileta sukari, sabuni na mkungu wa ndizi, wakajaa sebuleni na harufu ya nguo zilizonyeshewa. Baada ya somo, mwenyekiti wa jumuiya akanigeukia.

"Mama mtoto mwenyewe atuombee. Tumekukosa siku nyingi."

Nilisimama na mtoto mkononi. "Ee Mungu mwenyezi, mwingi wa huruma," nikaanza, na sauti ikapanda yenyewe kama ilivyozoea, "tunakushukuru kwa upendo unaojaa katika nyumba hii."

Nikakwama. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, ameinamisha kichwa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Watu walisubiri, na nilihisi kama nimesimama kwenye ngazi ambayo mtu ameiondolea vidato vya chini.

"Baba," nikasema hatimaye, na haikuwa sauti yangu ya sala, "nimedanganya. Nina hasira. Naogopa. Kuna mtu katika nyumba hii siwezi kumpenda, na yeye hawezi kunipenda. Sijui tufanyeje. Amina."

Nikaketi. Mtu akakohoa. Mama mmoja akaanzisha Salamu Maria haraka haraka, wengine wakaitikia.

Walipoondoka, mama mkwe aliingia na bakuli. Aliliweka kwenye stuli, lakini badala ya kutoka akakaa ukingoni mwa kitanda, na kitanda kikalia.

"Unanisikia alfajiri," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nakusikia, Mama."

Akaivuta khanga yake mabegani. "Sasa ningemwambia nani? Nikimwambia jirani, ni umbea. Nikimwambia mwanangu, nimevunja nyumba yake. Nikimwambia Mungu, hiyo ni sala."

Nikamuuliza, "Nilikukosea nini, Mama?"

 Akanieleza. Jumuiya ya kwanza baada ya harusi yangu ilifanyika nyumbani kwake, na zamu ya kuongoza ilikuwa yake. Alijifunza sala yake wiki nzima kwa Kiswahili kwa sababu mkwe wake mpya alikuwa msomi. Akiwa katikati, neno moja likamtoka kwa matamshi ya Kichagga. Mimi nikamsahihisha mbele ya watu, nikacheka. Tangu siku ile hakuongoza tena.

Nilikumbuka kile kicheko. Hata kukihesabu kuwa kosa sikuwahi. Nililia, maziwa yakavuja, mtoto akaamka naye akalia.

"Nisamehe, Mama."

"Nilishakusamehe zamani," akasema, akimchukua mtoto. "Kusamehe nilimaliza mapema. Kupenda ndiko kulikonishinda. Kula, unapoa."

Mambo hayakubadilika upesi. Aliendelea kwenda zizini, nami niliendelea kusikia, na sasa tulijua sote kwamba nasikia. "Leo afadhali," alisema asubuhi moja. "Amecheka, na mimi nikacheka." Nyingine akasema, "Jana amenijibu vibaya, na mimi nikamwekea chumvi nyingi. Tusamehe wote wawili." Mimi nami nilianza kusema yangu upande wangu wa ukuta, kwa sauti ya chini, bila kupamba. Kuna alfajiri ambazo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona dirisha, nikawa nasikia tu sauti mbili za wanawake zikimwambia mtu mmoja ukweli, na ng'ombe akitafuna katikati yetu.

Asubuhi moja aliomba kuhusu mguu na kahawa, akamtaja jirani aliyekuwa mgonjwa, akainuka akaenda zake. Hakunitaja. Nilishinda na wasiwasi siku nzima. Kesho yake nikabandika sikio kwenye mbao.

"Na mwanangu wa chumba cha nyuma," akasema, "mpe usingizi. Mtoto anamsumbua sana."

Niliporudi mjini, mtoto akiwa na miezi mitatu, nilimwomba aje aongoze sala ya kutuaga. Akakataa. Alisema amezoea zizini.

Sasa mtoto anasoma darasa la pili. Jumuiya ya mtaani kwetu bado huniomba niongoze, ila sala zangu zimekuwa fupi, na nimesikia kwamba wapo wanaodhani imani yangu imepoa. Kazini kuna mama mmoja tusiyeelewana. Kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, namtaja kwa Mungu na kueleza hali ya moyo wangu juu yake ilivyo, bila kuisafisha. Jana sikuwa na jema lolote la kusema. Leo nimesema kwamba nimegundua anakohoa, na kwamba nimemwonea huruma kidogo.