Gauni Jekundu Ndani ya Ngitili

Miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika gulioni Bariadi, kazi yangu ilikuwa kufuatilia miti inayochipua ndani ya ngitili, yaani pori ambalo Wasukuma hulifunga ili mifugo ipate malisho wakati wa kiangazi. Ofisi ilinikabidhi pori zima bila hata utepe wa kuwekea alama. Nikaenda gulioni, nikanunua gauni la kulalia, jekundu, pana kama hema, lenye lesi. Muuzaji akanipongeza: "Shemeji atafurahi!" Nikalichana vipande, nikaifunga miti yangu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekata hata kijiti. Wachungaji walizunguka mbali. Nikavimba kichwa: kumbe semina yangu ya uhifadhi imewaingia! Nikamtambia mayu, mama mwenye nyumba niliyopanga.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Semina gani, mwanangu? Kitambaa chekundu mtini ni dawa ya mganga. Na chenye lesi hatujawahi kukiona. Watu wanasema hicho ndicho kikali."

Nilikasirika sana. Kesho yake akaja mfugaji mmoja na kuku mweusi mkononi. Fisi anamsumbua, anataka kinga ya zizi. Nikamfokea: "Bwana, hii si dawa! Hii ni sayansi!"

"Haya," akasema kwa upole, "basi nifungie hiyo sayansi."

Nikaenda kumfungia, kwa hasira, kipande chenye lesi nyingi kuliko vyote.

Fisi hakurudi.