Wimbo Nilioukatiza Kanisani

Kuna Jumapili moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mwalimu wa kwaya katika kanisa letu pale Uriri. Nilikuwa na majivuno, nisikufiche. Kwaya yangu ilisifiwa hadi Homa Bay kwa kuimba bila kukosea, na mimi nilidhani kutokosea ndiko kuabudu.

Tulikuwa na nyimbo chache tu, na tuliziimba mwaka baada ya mwaka kwa mpangilio ule ule. Vinywa viliimba huku macho yakitazama mlangoni kuona nani amechelewa. Aliyeleta wimbo mpya nilimwambia asubiri. Watu walisubiri, mwishowe wakanyamaza.

Mke wangu, Perez, mama wa mtoto wetu wa kwanza, Awuor, aliimba sauti ya kwanza. Mwaka ule tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa pili, Ouma, aliyefariki kwa malaria kabla hajatimiza miaka miwili. Mimi nilirudi kwenye mazoezi wiki iliyofuata, maana sikujua pengine pa kwenda. Perez alirudi baada ya miezi miwili. Nyumbani hatukumtaja mtoto. Nilifikiri mwanamume hunyamaza.

Jumapili hiyo, tulipomaliza wimbo wa tatu, wanakwaya waliketi lakini Perez alibaki amesimama. Akaanza kuimba polepole, kwa Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, wimbo ambao sikuwahi kuusikia. Kumbe alikuwa ameutunga mwenyewe akipalilia mahindi. Kina mama wa viti vya nyuma waliacha kujipepea. Mmoja akaanza kumwitikia.

Mimi nilisikia kitu kimoja tu, kwamba ameanzia juu mno na sauti inamkatika. Mchungaji mgeni alikuwa ameketi mbele, nikaona haya. Nikapiga meza kwa kiganja mara mbili, kama nilivyozoea mazoezini mtu akikosea.

"Mama Awuor, keti. Huo haumo kwenye ratiba."

Aliniangalia kidogo. Hakulia. Akaketi, akakunja mikono mapajani, nasi tukaendelea na wimbo wa nne.

Baada ya ibada Mzee Okelo, mzee wa kanisa ambaye hakuwa mtu wa kupaza sauti, alinisubiri nje.

"Mwalimu, mkeo alikuwa anaimba nini?"

"Alitoka nje ya sauti, mzee."

"Sikuulizi habari ya sauti. Nauliza alikuwa anaimba nini."

Ikabidi yeye aniambie. Perez alikuwa anamweleza Mungu kwamba amemchukua yule aliyekuwa ameanza tu kumwita mama, na kwamba hata hivyo yeye Perez amekuja nyumbani kwa Mungu huyo huyo, kwa kuwa hana kwingine. Alikuwa akimwimba mtoto wangu mbele yangu, nami sikusikia hata neno moja.

"Umeizoea nyumba ya Mungu mpaka humsikii anayelia ndani yake," Mzee Okelo akasema. "Nenda umwombe mkeo msamaha leo hii."

Sikwenda siku hiyo. Nilikawia karibu mwezi mzima, kwa kiburi tu. Nilipomwendea hatimaye alikuwa nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi. Nilimwomba msamaha, nikamwomba aniimbie ule wimbo.

"Nimekusamehe, Baba Awuor," akasema, mikono ikiendelea na kazi. "Lakini wimbo umeniishia. Nimeutafuta, siuoni."

Nilidhani utarudi. Tulihamia huku Lambwe, tukalea watoto wengine watatu. Alicheka, aliomba, alinipikia. Kuimba hakuimba tena. Kanisani alifungua kitabu kama wengine na midomo akaifumba. Nilileta nyimbo mpya, nikanunua kayamba, nikawaita vijana watunge zao. Nilifanya yote ambayo nilipaswa kuyafanya mapema. Yeye alitutazama kwa upole tu, kama mtu anayetazama sherehe ya jirani.

Mwaka jana nilimzika. Nilitaka aimbiwe wimbo wake mwenyewe, basi nikatuma watu Uriri wawatafute kina mama waliokuwepo. Walipatikana wawili. Mmoja alikumbuka yale maneno ya mtoto kumwita mama, ila namna yalivyoimbwa hakukumbuka. Wa pili hakumkumbuka hata Perez. Tukamzika kwa nyimbo za kitabuni.

Bado naenda kanisani. Naimba, na ndani kumekauka. Mchungaji wetu husema furaha itarudi. Huenda ni kweli, lakini mimi siioni ikija, na umri wangu unauona.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliyekabidhiwa kwaya. Usiimbe kwa mazoea. Kabla hujafungua kinywa, jiulize Mungu amekutendea nini wiki hii, na kama amekuumiza, mwimbie hilo pia. Zipende nyimbo za zamani, lakini ziimbe kama mtu anayeelewa anachosema. Na mtu akisimama na wimbo wake, hata akiuanza vibaya, hata mgeni wa heshima akiwa ameketi mbele, mwache amalize. Sauti utamrekebishia siku nyingine. Ukimnyamazisha, huenda usipate siku nyingine.

Mungu akupe masikio kabla ya kukupa sauti. Akujalie nyumba ambayo watu wake hawaogopi kuimba, na akulinde usije ukajua ninachokijua mimi. Amina.