Ndugu Wawili na Meli Iitwayo Shangazi

Fundi Pasi alikuwa mtu wa kunyoosha. Hata alipokaa kwenye benchi la watu akiongea mambo mengine kabisa, kiganja chake kilipita juu ya goti, taratibu, kikisawazisha mkunjo ambao macho ya mwingine yasingeuona. Alianza udobi kabla hajaota ndevu, na sasa ndevu zenyewe zilikuwa zimeanza kuingia mvi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani alikuwa Fundi Pasi, na mkewe, muuguzi wa zamu, naye alimwita hivyohivyo akiwa na furaha, akiwa amekasirika alimwita "wewe."

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu, chembamba, chenye mlango mbele na mlango nyuma. Nyuma kulikuwa na mabeseni, bomba na kamba za kuanikia. Katikati, meza ya kupigia pasi iliyovikwa blanketi kuukuu. Mbele, rafu za nguo zilizowangoja wenyewe. Na karibu na mlango wa mbele, usawa wa kifua, ukutani kulikuwa na msumari.

Msumari huo haukuwapo zamani. Zamani palisimama mdogo wake.

Kazi iliyolilisha duka ilikuwa mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa mtaa wa pili. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Hulishika wawili, kila mmoja na ncha zake mbili, wakarudi nyuma mpaka likakaza, wakalikung'uta mara moja likalia kama bendera, wakaunganisha ncha kwa ncha. Kisha hutembea, huyu kumwelekea yule, mikono imeinuliwa, wakakutana katikati kama watu wanaotaka kukumbatiana halafu wakaghairi. Mdogo wake, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yao, alisimama upande wa mlangoni kwenye mwanga, hivyo yeye ndiye aliyeona kama shuka limenyooka. Likinyooka, alisema, "Njoo!" Na Fundi Pasi, ambaye hakuwahi kupokea amri ya mdogo wake hata ya kusogeza kiti, alikwenda. Neno hilo moja tu ndilo alilolitii bila kulifikiria. Miguu ilianza safari kabla sikio halijamaliza kusikia.

Halafu likatokea jambo la gauni la harusi. Pasi kubwa ya dukani ilikuwa imeanza tabia ya kunasa: unapunguza moto, kitufe kinakubali, lakini chuma kinaendelea kuchemka kwa siri. Fundi Pasi aliijua tabia hiyo. Kila asubuhi alisema moyoni kwamba ataipeleka kwa fundi umeme, na kila jioni aliiweka mahali pake. Kitinda hakuambiwa. Siku hiyo alipunguza moto mpaka alama ya hariri, akasubiri kama inavyotakiwa, akaigusisha pasi kwenye sketi ya gauni. Ilipoinuka, umbo lake lilibaki pale, la rangi ya chai, na ncha yake ikiwa imechongoka vizuri sana.

Mama wa bi harusi alipokuja kulichukua, duka lilikuwa limejaa. Akapiga kelele. Wateja wakageuka. Fundi Pasi akainua mkono, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Ni huyu mdogo wangu. Huyu hana mikono ya kazi."

Kitinda hakujibu. Alikitundika kitambaa cha kunyunyizia maji, akatoka. Baada ya hapo alipata kazi ya kupakia mikate kwenye gari la kiwanda, na Fundi Pasi akapigilia msumari ukutani.

Msumari unashika, lakini hautembei. Alizifunga ncha za shuka pale, akavuta, akakunja, na kila mara upande mmoja ulizidi. Mkewe alijaribu kumsaidia siku za mapumziko, lakini alikuwa mfupi, shuka likafagia sakafu. Akatafuta kibarua, mtu mzima mwenzake. Huyo alitembea kama anayekimbia mvua, akamkanyaga.

Siku moja msimamizi wa nyumba ya wageni, mwanamke wa maneno machache, alifungua furushi mbele yake, akaweka kiganja juu ya shuka la kwanza.

"Fundi, mashuka yako siku hizi yana mapembe."

"Ni bega, mama. Bega linanisumbua."

"Bega litibiwe. Mimi nakungoja mpaka mwisho wa mwezi. Kuna wale wenye mashine wamekuja kuniona."

Fundi Pasi alirudi dukani akasimama mbele ya ule msumari kama mtu anayetaka kuugombeza. Alijua dawa ya bega lake ilikuwa inapakia mikate. Alijua pia ni neno gani lingeirudisha. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lakini kila alipolifikisha kwenye ulimi lilikuta mlango umefungwa.

Aliyewakutanisha, kila Jumapili mchana, alikuwa dada yao. Dada Mkubwa alikuwa kifungua mimba, mpishi mstaafu wa shule, mwenye sauti iliyozoea kushinda kelele za bwalo. Aliishi peke yake tangu binti yake ahamie mji mwingine kikazi na kumwachia televisheni kubwa na mashine ya gemu. Mwanzoni aliifuta vumbi tu. Kisha akaiwasha aone kama bado nzima. Baada ya hapo majirani walimsikia akiwatukana watu ambao hawakuwepo.

Gemu ilikuwa ya vita vya angani. Unapewa chombo kidogo chenye mabawa mafupi, unatupwa kwenye giza lenye nyota, na meli za adui zinakujia. Dada Mkubwa alizipa majina. Kulikuwa na Inzi, vijimeli vilivyokufa kwa risasi moja, shida ikiwa ni kuifikisha hiyo risasi moja mahali ambapo Inzi alikuwa bado yupo. Kulikuwa na Bwana Sipo, ambaye ukimlenga tu anatoweka, kisha unamsikia mgongoni. Kulikuwa na Nesi, asiyepigana kabisa. Alikaa nyuma ya wenzake akiwatengeneza, na adui uliyemtolea jasho mpaka akaanza kufuka moshi, Nesi alimgusa kwa kijimwanga cha kijani, akawa mpya.

"Wifi asisikie," Dada Mkubwa alisema, "lakini huyu nesi ningemkuta hospitali ningeondoka na ugonjwa wangu."

Na mwisho wa hatua aliyokwamia kulikuwa na Shangazi. Alikuwa meli kubwa, mzito, asiye na haraka, mwenye ngao moja tu ya mwanga wa bluu. Ngao hiyo ilimgeukia yeyote aliyekuwa karibu naye zaidi. Udhaifu wake ulikuwa mgongoni, kijiduara chekundu, na mgongo wake hakuna aliyeupata.

"Kama shangazi yetu marehemu," alieleza Dada Mkubwa. "Ukimjia mbele, amekukabili. Ukimzunguka, ameshageuka na jibu analo."

Shangazi hakufa kwa mtu mmoja. Alitaka wawili: mmoja amsogelee uso kwa uso, aivute ngao, akubali kupigwa, mwingine apite nyuma. Dada Mkubwa alipoligundua hilo, alianza ghafla kulalamikia kifundo cha mkono. Akawaita ndugu zake, akawalisha, akampa kila mmoja pedi yake, kile kidude cha vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili, akawaketisha kwenye kochi moja.

Walikubali kucheza. Kusemezana ndiko hawakukubali.

"Dada," Kitinda alisema, macho kwenye skrini, "mwambie mwenye duka awaondoe Inzi upande wake."

"Mwambie mpakia mikate," Fundi Pasi alijibu, "Inzi hao ni wake, wametoka kwake wakaja kwangu."

"Mmesikiana," Dada Mkubwa alisema akipita na sahani. "Mimi siyo redio."

Inzi waliwamaliza. Bwana Sipo walimzoea. Hata Nesi walijifunza kumtangulia, huyu akiwashughulisha wengine, yule akimfuata alikojificha, bila kupeana hata neno, kwa kuwa mikono yao ilikuwa imefanya kazi pamoja muda mrefu kuliko midomo yao ilivyonuniana. Lakini kwa Shangazi walikwama. Nani awe chambo?

"Mimi ndiye mkubwa," Fundi Pasi alimwambia dada yake. "Mkubwa hatangulizwi kupigwa."

"Mwambie mimi nilishapigwa mbele za watu," Kitinda alisema. "Zamu yangu imekwisha."

Shangazi, ambaye hakuwa na habari za udobi, akawaunguza wote wawili.

Jumapili zikapita hivyo. Kila mmoja alijaribu kuzunguka nyuma, wote wakazunguka, Shangazi naye akazunguka, ngao ikimtafuta huyu, ikimtafuta yule, mpaka ilionekana kama watatu hao wanacheza ngoma. Dada Mkubwa aliacha kutazama. Alikaa jikoni akisikiliza kishindo cha kushindwa, akimimina chai.

Jumapili ya mwisho ya mwezi Fundi Pasi alifika mapema kuliko kawaida. Alikuwa amekusudia kusema. Alikuwa amelitengeneza neno njia nzima. Alipomkuta Kitinda ameshakaa, unga wa mikate bado uko kwenye nyusi, neno likarudi lilikotoka, naye akachukua pedi.

Skrini ilikuwa imegawanywa, kaka juu, mdogo chini. Inzi wakaja, wakaisha. Nesi akajificha, akapatikana. Akabaki Shangazi peke yake, katikati ya giza, na vyombo vyao vikajikuta kimoja huku na kimoja kule, umbali uleule kutoka kwake. Ngao ikasita. Mwanga wake wa bluu ukatanuka kati yao, mpana, tambarare, umekaza pande zote.

Kitinda alisogea ukingoni mwa kochi. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetazama kitu kwenye mwanga wa mlango. Akaona kimenyooka.

"Njoo!" alisema.

Hakukusudia. Lilimtoka tu. Na Fundi Pasi akasimama. Mikono iliinuka na pedi usawa wa kifua, vidole gumba vikasukuma mbele, na mwenyewe akatembea kwenye zulia mpaka ugoko ukagonga meza ya chai. Chombo chake kikaenda moja kwa moja, bila kupinda, bila kupiga risasi hata moja, kikielekea ngao kama kinachokwenda kupokea ncha. Ngao ikamgeukia yote. Nusu ya juu ya skrini ikawa nyekundu, kisha ikawa nyeusi.

Nusu ya chini, kijiduara chekundu kilikuwa wazi kabisa. Kitinda alipiga, akapiga, na Shangazi akapasuka, kwanza kimya, halafu kwa kishindo kilichotikisa vikombe.

Dada Mkubwa akatokea mlangoni na birika.

"Nani kamuua Shangazi?" Kisha akajijibu, "Mungu amrehemu."

Fundi Pasi alikuwa bado amesimama mbele ya meza, mikono juu. Ilimchukua muda kuona kwamba haikuwa imeshika kitu isipokuwa pedi. Aliishusha. Akarudi kukaa, safari hii akimwelekea mdogo wake badala ya televisheni.

"Ile pasi ilikuwa inanasa," alisema.

Kitinda hakugeuka. "Najua."

"Niliijua kabla ya siku ile. Sikukwambia."

"Najua, Kaka. Kitufe kilikuwa kwenye hariri. Nilikitazama nilipoiinua."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Duka lilikuwa limejaa." Kitinda alijifuta unga kwenye nyusi. "Ningesema, wewe ungetazama wapi?"

Fundi Pasi alilifikiria hilo. Kiganja chake kikaanza kupita juu ya goti, kikapita tena mahali palepale, ambapo hapakuwa na mkunjo wowote.

"Nilikosea, mdogo wangu," alisema hatimaye. "Nilikosea mbele za watu. Nitamwendea yule mama nimwambie."

"Yule mama binti yake ameshazaa mapacha. Hakukumbuki."

"Nitamkumbusha."

"Haya, chai," alisema Dada Mkubwa, na kifundo chake cha mkono, kilichougua muda wote huo, kikanyanyua birika lililojaa bila taabu.

Jumatatu, gari la mikate lilipomaliza mzunguko wake, Kitinda aliingia dukani na ovaroli lake, akanawa mikono kwenye bomba la nyuma, akaja kusimama mlangoni. Walikunja mashuka yote. Hawakuongea isipokuwa lile neno moja, na Fundi Pasi alikwenda kila alipoitwa. Msimamizi wa nyumba ya wageni alipofungua furushi aliweka kiganja juu ya shuka la kwanza, akakitoa, akasema, "Kesho nakuletea na mapazia."

Baadaye Kitinda alikuta koleo kwenye droo, akaushika ule msumari.

"Huu unanichoma mgongoni, Kaka. Niung'oe?"

Fundi Pasi aliutazama. Kisha akatazama ukuta, plasta yake ya zamani.

"Uache. Utatoa tundu kubwa." Akamtupia ncha mbili za shuka. "Upinde kidogo, utundikie hilo ovaroli lako la mikate."