Siku Niliyohama Mstari

Mpaka leo nikiona watu wamepanga mstari, hata wa kuchota maji tu, hugeuza njia, maana nakumbuka uchaguzi mmoja wa mwenyekiti wa kijiji kwetu Bulumbi. Mwanangu, juzi nimesikia kwamba nawe utapanga mstari huo kwa mara ya kwanza, na tangu hapo sijatulia. Kaa hapa kidogo. Chai ikipoa tutapasha.

Unadhani mwenyekiti wa kijiji ni mtu mdogo. Nyinyi vijana mnabishana juu ya rais na wabunge mpaka mishipa ya shingo inawasimama, lakini huyu jirani hamuulizi kazi yake ni nini. Yeye ndiye mwenye muhuri. Ukikamatwa, polisi watataka barua yake. Ukiuza shamba, karatasi isiyo na muhuri wake ni ya kufungia karanga. Hata vijana wa ulinzi wanaoshika watu kijijini husikiliza neno lake. Rais hajui nyumba yako iko wapi. Huyu anamjua hata mbwa wako kwa jina.

Wetu wakati huo aliitwa Barasa. Alikuwa mpole wa maneno, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na stoo ya mahindi ambamo watu walifungiwa. Wiki moja kabla ya uchaguzi rafiki yangu alilala humo siku mbili, eti kwa magendo ya mafuta ya taa. Alipotoka hakuweza kukunja vidole vya mkono wa kulia. Mimi nilikuwa nabeba watu kwa baiskeli mpakani, kuvuka kwenda Kenya na kurudi, na kila niliposhika breki nilivitazama vidole vyangu.

Sasa kulikuwa na senge yangu, Taaka, dada wa baba yangu. Yeye ndiye aliyenilea. Mumewe alipofariki, mpwa wa Barasa akalitamani lile shamba lake la mihogo linaloshuka mpaka kijitoni. Karatasi ya mauzo ikaandikwa, senge hakuulizwa. Ilibaki muhuri tu, na Barasa akasema ataugonga uchaguzi ukipita. Mwalimu Bwire, aliyesimama kumpinga, alitamka nje ya kanisa, watu wote wakisikia, kwamba akipewa muhuri ule hautagusa karatasi hiyo. Kwa hiyo kila mtu alijua: Bwire akishinda, senge anabaki kwake. Akishindwa, senge anatoka.

Katika uchaguzi huu hatukutumia karatasi za kura. Wagombea walisimama uwanjani, na wewe ukaenda kusimama nyuma ya unayemtaka, mchana kweupe, mkeo anakuona na adui yako anakuona. Nilikwenda nyuma ya Bwire, karibu na mbele, kifua nje. Senge alikuwa hatua chache mbele yangu, amevaa gomesi, lile gauni lake refu la kanisani. Mstari wetu ulikuwa mrefu kuliko ule mwingine, nakuapia.

Kabla ya kuhesabu, akapita Ojambo, mkubwa wa ulinzi, rungu kwapani na daftari mkononi. Alimtazama kila mtu usoni, kisha akaandika. Akafika kwangu.

"Wewe si kijana ya Taaka?"

"Ndiyo, mzee."

"Sawa. Nimeona." Akaandika, tena polepole.

Mwanangu, niliogopa. Sitapamba maneno hapa. Niliona ile stoo kana kwamba nimeshaingia. Nikajifanya nimemwona mtu wa kumsalimia upande wa pili. Nikatoka. Nikaenda nikasimama nyuma ya Barasa.

Kama ningehama peke yangu, labda ningejisamehe. Lakini nilipogeuka niliona watu wananifuata, wawili, kisha watano, kisha kundi zima. Walidhani nimesikia jambo. Ikiwa mtoto wa Taaka mwenyewe amehama, wao wangebaki kwa nini? Senge hakugeuka. Alibaki pale na pengo kubwa nyuma yake mpaka mhesabu akamgusa bega.

Barasa alishinda. Muhuri uligongwa wiki hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyembeba senge kwa baiskeli, yeye na sufuria zake, mpaka Paya kwa binti yake aliyeolewa huko. Tulipofika akashuka, akaniambia, "Mimi sikukatazi kuogopa. Hata mimi goti ilitetemeka. Lakini wewe ungeangalia mimi, si ile daftari." Huko Paya ndiko alikofia, na ndiko alikozikwa, katika ardhi ya wakwe wa binti yake. Mpaka leo naona haya kupita njia ile.

Miaka mingi baadaye nilimkuta Ojambo sokoni Busia, mzee, anauza kamba. Nikamuuliza yale majina yetu alimpelekea nani. Akacheka mpaka akakohoa.

"Jina gani? Mimi kusoma sijui. Nilikuwa nachora tu, nyinyi mnaogopa."

Sikucheka. Daftari halikuwa na jina hata moja, ila stoo ilikuwa ya kweli, na vidole vya rafiki yangu havikupona. Ndiyo maana sikuambii kwamba hakuna cha kuogopa. Siku hizi hawabebi daftari, wanakupiga picha kwa simu, nami naogopa kwa ajili yako hata sasa ninapoongea.

Lakini nisikilize. Kabla ya siku hiyo, uliza muhuri utatumika kwa nani na dhidi ya nani, na useme jina la huyo atakayedhulumiwa kwa sauti. Usiende peke yako. Nenda na wenzako, mkubaliane msimame mkigusana mabega. Ukishasimama, mtazame yule atakayeumia ukiondoka. Na ujue kuna mtu nyuma yako anaitazama miguu yako, hata kama humjui.

Haya, nenda. Mungu akulindie vidole vyako na nyumba yako. Mungu akufikishe nyumbani jioni ukiwa mzima. Na ukitetemeka, mwanangu, Mungu akujalie utetemeke papo hapo ulipo.