Doti Aliyoikata Zuhura

Msiniletee habari kwamba siku hizi kila picha inatengenezwa kwenye simu. Hii niliipiga mwenyewe, hapa Kibiti, Idd Pili, jua linawaka na watu wamejaa barabarani. Wallahi sikuota.

Wenzetu wa Dar wana wiki yao ya mitindo, na majukwaa na mataa. Sisi tuna Idd. Siku hizo Kibiti humtambui mtu, hata muuza mihogo katoka na gauni la kung'aa. Mimi napiga picha za watu barabarani na nguo zao, naziweka kwenye ukurasa wangu. Mdogo wangu Zuhura, fundi cherehani, hufuatana nami na mkasi na sindano mkobani, maana upindo wa mtu ukifumuka kabla ya picha, nani atashona?

Alasiri ile akatokea mama mmoja wa makamo. Kajitanda doti nzima ya kanga, haijakatwa, haijapindwa, nyuzi zinaning'inia na ncha inaburura vumbini. Mtu gani wa pwani anavaa doti bila kuikata? Nikasema moyoni, mtindo mpya huu, leo nimepata!

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Alikuwa anamtazama Zuhura tu.

"Nimetoka Salale," akasema. "Inanilemea hii, mwanangu. Hakuna wa kunisaidia."

Na Zuhura ana huruma huyo, hata kuku akichechemea atamfunga kitambaa. "Lete nikukatie, mama," akasema, akatoa mkasi. Mimi napiga picha tu. Alipomaliza, yule mama akamfunga kipande kimoja kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Basi tumegawana. Sasa wewe ndiye shoga yangu."

Mnajua kwetu kugawana doti ni nini. Wanawake wakivaa doti moja, huyu kipande na huyu kipande, wamekuwa kitu kimoja. Akiitwa mmoja, anakwenda na mwenzie. Zuhura akacheka, akashukuru. Nikainamisha macho niangalie picha, nilipoyainua mama hayupo.

Na kwenye picha pia hayupo. Yuko Zuhura peke yake, kashika mkasi, anakata kanga iliyosimama yenyewe hewani.

Nyumbani mama yetu alikinusa kile kipande, akaketi chini pale pale mlangoni. Kinanuka karafuu maiti. "Doti isiyokatwa hutandikwa juu ya jeneza la mwanamke," akasema huku analia. "Haikatwi mpaka marehemu azikwe. Mmegawana na nani, wanangu?"

Nikamwonyesha ile picha.

Tumekichoma. Asubuhi Zuhura kaamka amekivaa. Tumekwenda kukitosa Nyamisati, kwenye maji marefu, na tuliporudi tumekikuta kimeanikwa kambani. Shehe amesoma, hospitali wamempima wakasema hana ugonjwa. Lakini kila alasiri Zuhura anaacha cherehani, anajifunga kile kipande na kwenda kusimama barabarani, pale pale. Ukimvuta mkono anakutazama kwa upole, kama anavyomtazama mgeni.

"Niache, dada. Mwenzangu atanikosa."

Na picha zake, jamani! Idd hii nimempiga tena. Kanga imetoka vizuri, kila ua linaonekana. Uso hakuna. Mikono hakuna. Watu wa mji mzima nawapiga wanatoka, wa tumbo moja nami ndiye siwezi kumpata. Naumia, sikufichi, na sijui nimwendee nani.

Sasa nisikilize, wewe unayependa nguo za watu. Ukiona kanga imevaliwa bila kukatwa, hata iwe nzuri vipi, usiisifu wala usiishike. Ukitoa salamu isiitikiwe, shika mkono wa ndugu yako mwondoke. Msione haya, ondokeni.

Sisi tumeshachelewa. Leo Zuhura kanijia mbio, ana furaha ambayo sijaiona tangu siku ile. "Dada, chukua kamera! Utupige sote wawili, mwenzangu amekuja kunichukua."

Kamera nimeisukumia uvunguni. Mlango nimeufunga, ufunguo ninao mkononi, na Zuhura nimemkumbatia hapa kitandani. Lakini karafuu maiti naisikia, na haitoki kwenye kanga yake.